Moshi Chini ya Kitanda cha Mama

Uamuzi kwamba mama asipande tena Mbulu ulifanyika sebuleni kwetu Katesh, mama mwenyewe akiwa jikoni anatupikia chai. Kaka yangu mkubwa alitoa hoja, mkewe akaitikia, baba mdogo akafunga kikao kwa sala. Sababu ilikuwa moja tu: mama amezeeka, safari inamuua. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na sikusema kitu. Nikiukumbuka ukimya ule, hasira yangu huanzia kwangu kabla haijafika kwa kaka.

Mama mkubwa, dada yake mama na ndugu pekee aliyebaki wa tumbo lao, alikuwa mgonjwa wa kitandani huko Dongobesh, Mbulu, tangu mavuno. Kila baada ya Jumapili mbili mama alipelekwa kumwona. Hawakuwa na mambo makubwa ya kuzungumza. Waliulizana nani amezaa, shamba la nani limeingiliwa na ng'ombe, yule jirani mchoyo bado yuko hai au amekufa. Lakini mama alirudi kutoka huko akiwa na sauti ya msichana, na kwa siku mbili tatu alikuwa akicheka peke yake akichambua maharage. Hicho ndicho walichokuwa wanamkatia pale sebuleni.

Gari la safari hizo lilikuwa Kombi kuukuu lenye kitanda ndani. Wazungu wawili, mume na mke, walikuja nalo kupanda mlima Hanang, likawaharibikia, wakamwachia kaka kwa bei ya kutupa. Injini yake iko nyuma, na kitanda kimewekwa juu ya injini. Lilikuwa na kabati, beseni la kunawia lisilotoa maji, na mapazia ya maua. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, na mwenye gari hakukosa cha kubeba. Kaka akabeba chumvi. Ziwa Balangida likikauka aliliingiza gari hadi kwenye tope jeupe, akajaza magunia ya chumvi ya ng'ombe, akawauzia wafugaji mnadani. Watu wa Dirma, kijiji cha kando ya ziwa, waliliita nyumba inayokimbia. Kaka alilipenda jina hilo na kila Jumamosi aliliosha gari likang'aa, lakini juu tu. Nilipomuuliza kuhusu chini, alisema tumbo la gari si tumbo la mtoto.

Chumvi ikaila egzosi, bomba la kutolea moshi. Kwanza bomba lilitoboka karibu na injini, gari likaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Fundi wa Katesh, kijana wa rika langu, hakuwa na bomba la kubadilisha. Akatumia dawa ya kwao. Mama zetu jiko la udongo likipasuka hulikandika kwa udongo wa kichuguu, majivu na chumvi kidogo ya ziwani. Likikauka linakuwa gumu kama tofali na hudumu miaka. Fundi alikanda mchanganyiko uleule, akaupaka kwenye tundu, akauzungushia bati la debe na waya.

“Hii bosi, gari litakufa, yenyewe itabaki,” alimwambia kaka.

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wamepaka chumvi kwenye chuma kilichokuwa kinaliwa na chumvi. Baada ya wiki chache tundu lilirudi likiwa kubwa zaidi, wakaongeza udongo. Nililiona hilo mara tatu. Nilikuwa karani wa masjala wilayani, kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili. Ndio wakati mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na nusu ya barua zetu bado zilikuja zimeandikwa Arusha. Kazi ile ilinizoesha kuandika kila kitu na tarehe yake. Niliandika hata siku za udongo wa egzosi. Sikuziweka pamoja na siku alizougua mama.

Siku za mama zilikuwa hivi. Kutoka Katesh hadi Dareda alikuwa mzima. Tukishaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa alinyamaza. Tukifika juu kichwa kilimgonga, miguu ilimlegea, mara nyingine alitapika kabla ya kushuka. Kwa mama mkubwa alikaa saa nzima akiwa na kitambaa usoni ndipo akaanza kuongea. Wakati wa kurudi, jua likiwa limetoka, hakuugua hata kidogo. Ndugu wa kwanza alisema ni mwinuko. Wa pili akasema ni presha. Wifi, mke wa kaka, alisema ardhi ya kwao inamwita, na mtu akiitwa na ardhi ya kwao usimpeleke. Mama kazaliwa kule juu, amelima kule juu mpaka akaolewa, eti leo mwinuko unamshinda.

Nilijua nini hubadilika tukipita Dareda, kwa sababu nilikaa kiti cha mbele na nilimwona kaka akifanya. Huko juu miezi ile kuna ukungu na baridi ya kukata masikio. Kaka aliinama akavuta mkono mdogo wa hita, joto likaanza kutoka kwenye tundu lililo chini ya kitanda alicholala mama. Kisha akaniambia nimfungie mama mapazia. Yeye alishusha kioo chake nusu, kwa sababu hakuweza kuendesha bila kutoa kiwiko nje. Alifanya hivyo kwa upendo. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Miezi mitatu ilipita baada ya kikao kile. Mama hakulalamika. Alituma salamu na mahindi mabichi kwa kila aliyepanda. Kisha kaka akapata safari ya kwenda kuchukua vitunguu swaumu Mbulu, nami nikaomba lifti nikamwone mama mkubwa badala ya mama. Baba mdogo alikuwa naye, akakaa mbele kama anavyostahili. Mimi nikalala kitandani nyuma, mapazia yakafungwa, na tulipopita Dareda kaka akawasha hita.

Sijui nilisinzia saa ngapi. Najua kwamba Dongobesh nilishuka nikaanguka kwenye matope, kichwa kinadunda, nikatapika mbele ya wenyeji waliokuja kutupokea. Baba mdogo aliniuliza kama nina mimba. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sijawahi kuugua zaidi ya malaria. Nikiwa bado nimepiga magoti pale niliziona zile tarehe zote zikikaa kwenye faili moja.

Niliporudi Katesh nilimfuata fundi, nikamtaka anioneshe hita inavyofanya kazi. Alilala chini ya gari akaeleza vizuri, bila kusikia anachokisema. Gari hili halipozwi kwa maji, dada. Upepo unapita juu ya bomba la moshi ndani ya boksi la bati, unapata joto, unaingia ndani. Nikamuuliza bomba likiwa na tundu ndani ya boksi, ni nini kinaingia ndani. Akagonga boksi kwa spana, masizi yakamwagika usoni kwake.

Nilimfuata kaka uani nikamweleza yote kwa utaratibu. Shikamoo kwanza, kisha maelezo. Hakunitazama. Alikuwa anafuta taa za gari.

“Ufundi umesomea lini, mdogo wangu? Huko kwenye mafaili?”

“Mama anaugua kwa sababu ya gari lako.”

“Gari langu halijaua mtu.”

“Basi lala wewe.”

Akageuka. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumwamuru kaka, lakini nilirudia. Nikasema fundi ataendesha, yeye alale kitandani kwa mama, mapazia yafungwe, hita ivutwe, twende hadi juu. Kama akishuka mzima, nitamwomba radhi mbele ya ukoo. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, na mbele ya fundi wake kaka asingeweza kukataa.

Tulipopanda ukuta wa bonde nilikaa mbele, kioo changu wazi, nikimwita kila baada ya kona. Mwanzoni alijibu kwa matusi. Kisha akajibu kwa kifupi. Alipoacha kujibu nilimwambia fundi asimame. Tulifungua mlango wa pembeni, kaka akatoka kwa mikono na magoti kama mtoto, akalaza shavu kwenye majani yenye umande. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Hajasema mpaka leo.

Alichofanya ni kutengeneza. Walibomoa udongo wote, na bomba chini yake lilikuwa limebaki kama ganda la yai lililooza. Egzosi nyingine ilitoka Arusha juu ya lori. Njia za hita zikazibwa kwa bati na kuchomelewa. Gari likaoshwa chini kwa maji mengi, na chumvi ikahamia kwenye matela ya trekta. Kisha akawaambia ndugu kwamba mama ana nafuu, anaweza kusafiri. Nafuu. Waliitikia wote, baba mdogo akashukuru Mungu. Hakuna aliyelitaja gari.

Njiani kwenda Dongobesh, kaka akiendesha, nilikaa na mama kitandani, amejifunika blanketi mbili. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole kwamba harufu alikuwa anaisikia.

“Kwa nini hukusema, mama?”

“Mwanangu ananiwashia moto, nimwambie auzime?”

Nilimvutia blanketi mabegani. Ningemjibu vibaya.

Dongobesh alishuka bila kushikwa. Mama mkubwa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amepungua, macho yamekuwa meupe pembeni. Mama aliingia akamshika mikono, akamwita kwa jina la utotoni. Mama mkubwa alimtazama, akamgeukia binti yake, akauliza kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, huyu mgeni ni wa nyumba gani. Binti yake alitwambia kwamba hali hiyo ilianza kama wiki tatu zilizopita. Kabla ya hapo kila Jumapili alikuwa akiuliza mdogo wake yuko wapi.

Mama akajibu kama mgeni anavyomjibu mkubwa: akataja mume wake, akataja Katesh, akauliza hali ya mifugo. Alikaa palepale, wima, mikono mapajani. Nje, kupitia mlango ulio wazi, nilimwona kaka amefungua mlango wa injini anawaonesha wanaume wa pale bomba lake jipya, nao wanainama mmoja mmoja kutazama, wanalisifia.