Salamu ya Kibondo

Kila mwaka, kabla ya mahafali, sisi wahadhiri wa chuo kikuu kishiriki cha elimu hutawanyika nchi nzima kuwakagua wanafunzi wetu walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Ninyi mnaosoma habari za chuo mnajua jinsi tunavyogombea Moshi na Arusha. Mimi nilipangiwa Kasulu na Kibondo, na katika majina niliyokabidhiwa moja lilikuwa la Tatu Mbwana, binti wa Pangani, mwalimu wa Jiografia. Mkaguzi wa kwanza alimwandikia kuwa darasa lake ni bubu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Nikimwangusha, atarudia mazoezi mwakani na joho hatalivaa, wakati baba yake alishaanza kuulizia siku ya sherehe.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa saa. Wanafunzi huniita Madam Kipindi wakidhani sisikii.

Tulipovuka mto Malagarasi, basi lilianza kupanda. Nilizoea kusikia Kigoma ni ziwa na dagaa, sikujua kama ina milima ya namna hii. Kilima kilizaa kilima, migomba ikapanda mpaka juu, na ukungu ulilala mabondeni kana kwamba nao ulikuwa haujaamka. Niliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha na kwa muda mrefu sikufungua kitabu nilichokuja nacho.

Kasulu tuliingia asubuhi, baridi ikiuma. Stendi ilijaa madumu ya mawese, vitenge, na watu wenye shughuli zao katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mama mmoja aliyebeba kitenge begani aliniuliza kwa Kiswahili cha Kongo, "Mama, unatokeaka wapi?" nami nikamjibu huku natembea. Nikaingia duka la mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, nikaomba chupa ya maji.

"Mwanangu, umeamkaje kwanza?" akauliza.

"Salama, mzee wangu, shikamoo. Chupa kubwa."

"Marahaba. Maji yapo, hayakimbii. Watoto hawajambo? Huko utokako mvua imenyesha?"

Nilimjibu nikiwa nimeshageukia mlango, maana gari la Kibondo lilikuwa linajaa. Alinipa maji na kunitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hajala siku nzima.

Kibondo nilifika jioni, nikapita njia panda ambapo magari meupe ya mashirika hukata kwenda kambi ya Nduta. Asubuhi yake nikapanda hadi shuleni. Shule iko juu ya mgongo wa kilima, na ukisimama uwanjani unaona nchi imelala chini yako pande zote, mashamba ya maharage na mihogo hadi macho yachoke. Nilitamani kusimama pale, lakini kipindi kilikuwa kinaanza. Getini nilimkuta mkuu wa shule, Mwalimu Bukuru, amenyoosha mikono miwili. Nikaugusa mmoja nikauliza kidato cha kwanza kiko wapi.

Kwa desturi yetu, mkaguzi huingia kimyakimya asivuruge somo. Wanafunzi walipoanza kuinuka waniamkie, niliwaonyesha kwa mkono: kaeni, endeleeni. Wengine walikuwa nusu wamesimama, wakashuka taratibu wakitazamana. Nikakaa nyuma na fomu yangu.

Tatu alikuwa amejiandaa. Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Alikuwa na mabeseni mawili ya udongo, moja limeoteshwa nyasi, jingine tupu, akayainamisha na kuyamwagia maji. Maji ya beseni lenye nyasi yalitoka karibu meupe. Ya lile la pili yalitoka mazito kama uji wa ulezi. "Nani ameona kilima cha namna hii kwao?" akauliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Hakuna mkono uliopanda. Akamtaja mmoja, huyo akainama. Akamtaja mwingine, naye akainama. Niliona uchungu, maana vifaa vile vilikuwa vizuri kuliko vyangu mimi, lakini darasa bubu ni darasa bubu. Nikaanza kuandika.

Tatu akaweka jagi chini, akaja mpaka kwangu.

"Madam, samahani. Naomba uje mbele usalimiane na watoto."

"Kipindi kinakwenda, Tatu."

"Kinakwenda, madam. Ila hawatazungumza. Mkaguzi wa kwanza naye aliwakalisha hivi hivi, akaondoka, wakaniona nalia. Huku mtu asiyesalimia amekuja na shari. Wanadhani umekuja kunichukua."

Anayekatisha somo mbele ya mkaguzi hupoteza alama, naye alijua, kwa kuwa kanuni hiyo nilimfundisha mimi.

Nikainuka.

Tatu alipinda magoti kidogo, akakunja viganja, akapiga makofi polepole. Darasa zima likasimama na kupiga vilevile, makofi mazito, ya chini, wote kwa pamoja. "Mwakeye," wakasema kwa Kiha, yaani umeamkaje. "Piga nawe, madam," Tatu akaninong'oneza. Nikapiga. Binti mmoja wa dawati la mbele, Leokadia, akashika usukani.

"Huko mlikotoka ni amahoro, kuna amani?"

"Ni amahoro."

"Mmelima?"

"Nina mchicha kwenye makopo."

Walicheka, na mimi nikacheka.

"Na mama yenu mmemwacha mzima?"

"Mama yangu alifariki mwaka huu."

Makofi yakakoma. Kisha yakaanza tena, chini kabisa, bila neno, viganja vikigusana tu. Tangu mazishi nilikuwa nimepewa pole nyingi kwenye korido, za watu wanaopita nami ninapita. Hakuna aliyekuwa amesimama nami kwa muda ule. Nililia mbele ya kidato cha kwanza, wala sikuona haya.

Tulipomaliza, Tatu akauliza tena swali lake. Mikono ikapanda kila upande. Leokadia akaeleza jinsi mvua ilivyoteremsha maharage yao na udongo wake mpaka shamba la jirani, yakaota huko, jirani akayavuna. Ukazuka ubishi kama maharage yale ni ya nani. Kiingereza kilipogoma, Kiswahili kikasaidia, Kiha kikamalizia. Wakataja matuta, nyasi za kingo, migomba ya kushikilia udongo, mambo yote yaliyo kitabuni na mengine yasiyomo. Kengele ililia nami sikuwa nimetazama saa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile aliyepona ni mgeni.

Kwenye fomu nilimpa Tatu alama anazostahili. Katika nafasi ya kasoro za somo niliandika moja tu: mkaguzi alikataa kusalimiwa.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta Mwalimu Bukuru, nikaanza upya tangu getini, mikono miwili. Alinijulia hali mpaka mchicha. "Asubuhi nilisema huyu mama ana lake moyoni," akasema akicheka. Nikarudi kupitia Kasulu na kuingia tena duka lile. Nilisahau kununua maji.

Siku ya mahafali majoho yalikuwa mengi na jua kali. Jina la Tatu liliposomwa, baba yake alisimama juu ya kiti. Tatu alipofika mbele ya safu yetu hakupunga mkono kama wenzake. Alipinda magoti, akakunja viganja. Nikasimama, nami nikakunja vyangu. Nyuma yake foleni ya wahitimu ikasimama, na mshereheshaji akatuomba kwenye kipaza sauti tuokoe muda.

Tulimaliza kwanza kusalimiana.