Diski Iliyogonga Kama Mgeni Mlangoni

Mwanangu, hebu weka simu chini unisikilize. Kuna asubuhi moja ya mtaani Kabeza ambayo hadi leo ikinijia, mwili unanisisimka.

Nilikuwa binti, nikifanya kazi kwa shangazi yangu Zaina, aliyekuwa na studio ya video za harusi. Kompyuta yake ilikuwa na diski mbili, moja juu ya nyingine. Kilichoandikwa kwenye hii kiliandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Sasa moja ilikuwa inakufa. Ilikuwa inagonga: ko, ko... kimya... ko.

Akaja mteja wetu Uwera, aliyekuwa amemzika mama yake siku chache nyuma. Kesho yake ilikuwa siku ya kuondoa ikiriyo, yaani kumaliza matanga, naye alitaka ndugu wasikie mama akimbariki siku ya harusi yake. Nakala nyingine haikuwepo popote. Nikafungua video. Mama akaanza kusema, picha ikaganda, diski ikagonga: ko, ko... kimya... ko.

Uwera akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Sha, rafiki yangu, unasikia? Iko yeye. Mama alikuwa anagonga mlango yangu hivi hivi."

Niliogopa, sitakuficha. Nilitaka kile kitu kitoke humo upesi. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikatega sikio, nikazima umeme na kuchukua bisibisi. Shangazi akanidaka kiganja.

"Unatoa ipi?"

"Ya juu. Nimeisikia mwenyewe."

"Umesikia bati, wewe! Sanduku zima ni bati, likigongwa chini linalia juu. Ukitoa nzima, unamwachia mwenzio inayokufa, na mama yake anamfia mara ya pili. Kila diski ina namba yake. Washa, uangalie kompyuta inalalamikia namba gani, halafu uitafute kwenye kibandiko."

Nikawasha, nikaisoma namba kwenye kioo. Tukazima, tukamulika vibandiko kwa tochi. Ilikuwa ya chini.

Shangazi akaichomoa, akailaza mezani. Tulipowasha tena, sauti ya mama ilitoka safi mwanzo hadi mwisho. Nilidhani Uwera atafurahi. Akaangua kilio.

"Ariko... lakini hagongi tena," akasema.

Tukampa nakala yake. Akaomba na ile mbovu. Kicheko kilinipanda, shangazi akanikata jicho, akaifunga kwenye kitenge na kumkabidhi.

Juzi nilimtembelea Uwera kwake, mtaa wa Rebero, mvi zimetujaa sote. Diski iko juu ya kabati, haina waya wala umeme. Tulikuwa tunakunywa chai aliponyanyua kidole, ninyamaze. Kisha akainuka, akaenda kufungua mlango. Nje hapakuwa na mtu.

Nami nilisikia, mwanangu.

Kwa hiyo nakuomba: usikurupuke kung'oa kitu mahali pake, wala mtu, kwa sababu umesikia kelele upande wake. Tafuta kwanza jina lake, ulisome kwa macho yako. Na ukishajua kibovu ni kipi, usimcheke anayekipenda. Mungu akutunze, akupe mkono mtulivu, na waliokupenda wakija kukugongea, wakukute nyumbani.