Bi Kadi na Wanawake Arobaini Wasiowashwa

Mimi nina mdomo, sikatai. Mteja akinenepa namwambia, nguo isipompendeza namwambia, na mume wangu husema siku nikinyamaza dakika tano ataita daktari. Sasa niambieni ilikuwaje mwanamke kama mimi nikamdanganya Bi Kadi, mtu ninayempenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa tumbo moja.

Bi Kadi ni nesi wa zahanati yetu, na ukuta wa jikoni kwake ndio ukuta wa kibanda changu cha ushonaji. Jina tulimpa sisi, maana kwake kila kitu ni kadi: ya chanjo, ya mjamzito, ya mtoto. Angekuwa na mbuzi, mbuzi naye angekuwa na kadi. Ni mfupi, mnene, mwendo wake wa haraka kana kwamba ameacha maziwa jikoni. Akikuchoma sindano anakuomba radhi mara mbili, kabla na baada.

Mwaka ule zahanati ililetewa pedi mpya za kujaribiwa. Zilitengenezwa zigawiwe bure kwa wasichana shuleni, lakini kwanza ilibidi wanawake watu wazima, wenye afya njema, wazivae miezi mitatu ili ionekane kama zina madhara. Tulipimwa, tukaelezwa, tukasaini. Nyumbani mume wangu akaniuliza, "Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Sasa zahanati unafuata nini?"

"Wanataka wasioumwa."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye redio yake.

Siku ya kwanza Bi Kadi alitukalisha sote arobaini kwenye mabenchi ya uani, akatusimulia habari zake. Alipokuwa darasa la sita alikuwa akikunja vitambaa vya nguo kuukuu. Siku moja damu ikapita mpaka kwenye sketi. Alibaki kwenye dawati mpaka shule nzima ikaondoka, na tangu hapo kila mwezi wiki moja hakwenda. "Hesabu za sehemu zilinipita hivyo hivyo," alisema, "mpaka leo nusu ya robo siijui." Akacheka. Sisi hatukucheka.

Basi tukawa tumeshaamua mioyoni, jamani, pedi hizi zitapita. Kila Ijumaa alipita nyumba kwa nyumba kukusanya kadi zake, zenye viboksi vya kuweka alama: kuwashwa, vipele, kuvuja. Anaingia uso umemchangamka, anakunywa chai, anauliza, "Hakuna tatizo, eti?" Nani angeanza kumwambia mtu yule kwamba kuna tatizo?

Mwezi wa pili nikaanza kuwashwa. Wee! Mimi kazi yangu ni kukaa, kutwa nzima kwenye kiti cha mbao nikikanyaga pedali. Nikaweka mto. Nikaongeza mto wa pili. Ijumaa ikafika, nikachukua kalamu na mbele ya kila kiboksi nikaandika hapana, nikamwongezea na sukari kwenye chai.

Wiki hiyo nilikuwa na sare za shule za kushona, sketi za bluu ishirini na sita. Kukaa siwezi, lakini kukata kunafanywa kwa kusimama, basi nikakata. Siku tatu nakata tu. Siku ya nne adhuhuri Bi Kadi akasimama mlangoni.

"Fundi, mashine imeharibika? Siku tatu siisikii ukutani."

"Nzima kabisa, dada."

Akatazama rundo la vitambaa vilivyokatwa, na sketi hata moja haijashonwa. Akatazama mito miwili. "Kaa ushone."

"Nimechoka kukaa."

"Kaa, mdogo wangu."

Nikakaa. Sikumaliza hata mshono mmoja, nikainuka. Akafunga mlango, akasema nimwonyeshe, nami nikamwonyesha. Kisha akajikalia sakafuni, katikati ya vipande vya nguo.

"Kadi yako inasema hapana."

"Sikutaka zikataliwe kwa ajili yangu. Umezingojea maisha yako yote!"

Sikuwa nimewahi kumwona na hasira kabla ya siku ile. "Msichana wa darasa la sita hanijui mimi," alisema. "Yeye hatavumilia kwa kunipenda. Atawashwa tu, ataogopa kusema, atabaki nyumbani. Na safari hii atakayekuwa amemweka nyumbani ni mimi."

Nililia. Alinipa dawa ya kupaka, akaenda moja kwa moja kwa daktari msimamizi. Utafiti ukasimamishwa siku ileile. Na alimwambia daktari kosa ni lake: "Wanawake hawa wananijibu mimi, hawaijibu kadi."

Kwa hiyo akajiondoa kwenye kukusanya. Likawekwa sanduku la kufuli zahanati, tukajaza upya kadi zisizo na majina, zenye namba tu, na juu ya sanduku yeye mwenyewe aliandika: Tuambieni ubaya wake. Haki ya Mungu, kati ya arobaini, tuliowashwa tulikuwa kumi na saba! Mwenzetu mmoja, muuza mkaa, alikuwa amevumilia miezi miwili kimya, na kila Ijumaa akimkaribisha Bi Kadi chai. Ikagundulika kwamba chanzo ni harufu ya maua iliyotiwa ili wasichana wazipende. Pedi zote zikarudishwa. Bi Kadi alikaa wiki nzima bila kucheka, na mimi nikajua, maana kicheko chake hupita ukutani.

Mwaka uliofuata zikaja nyingine, hazina harufu yoyote. Tukapimwa tena, tukasaini tena, kadi zikaingia sandukuni miezi mitatu. Siku waliyolifungua, Bi Kadi alikuja kibandani kwangu mchana, uso mkavu.

"Arobaini, hakuna hata mmoja aliyewashwa," alisema. "Lakini na mwanzo kadi zilisema hivyohivyo."

Ningeweza kumwapia. Ila nilishamwambia uongo kwa kinywa hikihiki, na kiapo changu kingemfaa nini? Nilikuwa katika siku zangu, siku ya tatu, nimevaa pedi yake. Nikaondoa mto kwenye kiti, nikavuta kitambaa cha bluu, nikakaa. Nikaunga ubavu, nikatia marinda, nikashona zipu, nikaweka mkanda, nikapinda chini. Ilichukua saa nzima. Bi Kadi alisimama muda wote huo, na wala hakuwa anatazama mikono yangu, alikuwa anakitazama kiti.

Nilipokata uzi kwa meno, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Hujainuka," alisema.

"Sijainuka, dada."

Akaichukua ile sketi, akaishika kifuani, akaketi kwenye mto wangu sakafuni akalia mpaka akacheka.