Waliniita Gavana, Nikafunga Sanduku

Kosa langu sikulifanya kwa ulevi wala kwa njaa. Nililifanya kwa ujuaji. Naandika bila jina, ingawa hapa Nsemulwa wakisoma mistari miwili tu watajua ni nani.

Nauza dagaa sokoni Kashaulili. Nilikuwa mwenyekiti wa kikoba cha akina mama. Kila Jumapili baada ya misa tulikutana uani kwangu, kila mtu ananunua hisa, mwenye shida anaomba mkopo, pesa inayobaki inalala kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, na hisa zako huzigusi mpaka siku ya kuvunja na kugawana. Funguo zilikuwa kwa watu watatu, lakini neno la mwisho lilikuwa langu. Nisiwafiche, nililipenda sana hilo neno la mwisho.

Basi tukaitwa semina ya vikundi, ukumbini mjini. Dada mmoja mwembamba, anaongea taratibu, akatueleza kazi ya Benki Kuu. Alisema bei zikianza kupanda ovyo, Benki Kuu inapandisha riba yake. Mabenki yakikopa kwa riba kubwa, na yenyewe yanatukopesha kwa riba kubwa. Watu wanapunguza kukopa, pesa inapungua mtaani, bei zinatulia. Uchumi ukisinzia inashusha riba, watu wanakopa, biashara inaamka.

Jamani, mimi nilisisimka. Nikamgusa bega Mama Pendo, mhazini wetu, nikamwambia, "Umesikia? Kumbe nchi inaendeshwa kama kikoba tu."

Dada akasema sehemu ya pili itakuwa baada ya chai. Chai nikanywa, sambusa nikala, halafu nikatoka nje kupiga picha na wakubwa. Sehemu ya pili sikurudi. Niliona nimeshaelewa.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara. Mchele ukapanda, mafuta yakapanda, sukari usiseme. Wanachama wangu wakawa wanakuja na malalamiko kila Jumapili. Nikasimama mbele yao na kitenge changu cha semina, nikawaambia dawa ninayo. Tunapandisha riba ya kikoba mara mbili. Mikopo mipya hakuna mpaka bei zitulie. Na mfuko wa dharura, ule wa wagonjwa na misiba, nao tunaufunga, kwa sababu pesa ni pesa, ikitoka mtaani inapandisha bei.

Mama Pendo akanyoosha mkono. Ni mtu mpole, sauti yake huwezi kuisikia ukiwa unapeta mchele. "Mwenyekiti, lakini yule dada alisema pia kwamba..."

"Mhazini, kazi yako ni kuhesabu," nikamkata. "Sera niachie mimi."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu sasa ni Gavana wa Benki Kuu." Jina likanikaa. Nikipita sokoni wananiita Gavana, Gavana, na mimi naitika kwa shingo ndefu. Bei ya mchele wala haikujua kama sisi tupo.

Wifi yangu Yustina, mdogo wake mume wangu, alikuwa mwanachama. Yeye na mumewe Deo wanalima mpunga Kakese. Jumapili moja alikuja amechelewa, miguu yote matope, kanga kaifunga vibaya. Nikajua kuna jambo.

"Wifi, Deo ngiri imembana," akasema. "Tangu jana anatapika, tumbo gumu. Zahanati wamesema apelekwe mjini akapasuliwe, asichelewe. Nisaidieni ya gari na ya upasuaji. Mpunga wangu umeshaanza kuinamisha vichwa, nikivuna narudisha yote, na riba hiyo hiyo mliyopandisha."

Wanawake wote wakanitazama mimi. Mume wangu alikuwa machimboni, simu haipatikani. Sanduku lilikuwa mbele yangu, wazi, tumetoka tu kukusanya hisa.

Ningesema "mpeni" ingetosha. Neno moja tu.

Nikasema, "Wifi, pole sana. Ila sera ni sera. Nikikufungulia wewe kwa sababu ni ndugu yangu, kesho watakuja wote, na watasema napendelea."

Hakulia. Alinitazama, akasema, "Sawa, Gavana." Kisha akaondoka.

Tukafunga kufuli zote tatu.

Yustina akaenda mjini kwa hawa wa kausha damu, wanaokopesha bila maswali mengi halafu wanakukamua mpaka unauma ulimi. Wakamwambia waone kwanza shamba. Wakamzungusha, leo wana kazi, kesho mvua, mpaka wakaja, wakauangalia mpunga, wakamwandikisha kwamba mavuno yote ni yao. Alipopata gari Deo alikuwa hatapiki tena, ametulia, na watu wa nyumbani kwake wakadhani ana nafuu. Alipasuliwa. Waliniambia utumbo ulikuwa umeshaoza. Hakuamka.

Msibani nilipika. Nilipika kama mwendawazimu, sikukaa kitako hata kidogo, kwa sababu nikikaa ningelazimika kumwangalia Yustina. Mama Pendo alikuja jikoni kunisaidia kuosha mchele. Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza saa ile, "Siku ile ulitaka kusema nini? Yule dada alisema nini?"

Akaendelea kuosha. "Alisema Benki Kuu ikibana, inabana wote, ila dirisha moja halifungwi. Benki ikikwama ghafla, ina mali yake lakini haina pesa mkononi, inaruhusiwa kuja kukopa hapo. Riba inaweza kuwa ya juu, lakini inapewa, isife na kuangusha wenzake. Akasema pia bei ikipanda kwa sababu barabara imekatika, kupandisha riba hakuleti mchele."

Ina mali lakini haina pesa mkononi. Mpunga umeshaanza kuinamisha vichwa. Nilishika ukingo wa sufuria la moto na sikusikia kitu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilinyoosha mkono, Mwenyekiti."

Wale wa kausha damu walivuna mpunga wote, wakaacha mabua. Mume wangu alirudi kwa mazishi, akasikia habari nzima kwa watu. Hakunipiga, hakunitukana. Tangu hapo ananisalimia kama tumekutana stendi. Usiku nageuka nikiangalia mgongo wake mpaka kunakucha.

Mwisho wa mwaka tukavunja kikoba, tukagawana. Hakuna aliyetaka kuendelea. Tukaita majina, kila mtu anakuja kuchukua hisa zake na faida. Nikamwita Yustina.

Nyie wenyeviti wa vikundi, wakuu wa familia, yeyote mwenye ufunguo wa wenzake, nawaomba. Kama umesoma jambo, lisome mpaka mwisho. Mtu mpole akinyoosha mkono, mwache amalize. Na ukiamua kubana, bana, lakini acha pa kupitishia mtu anayekufa. Mimi nilijifanya Benki Kuu kwa nusu ya somo, na ile nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na uhai wa Deo.

Yustina alikuja mezani na kanga nyeusi. Nikamhesabia. Pesa zilikuwa nyingi, amejinyima miaka ananunua hisa. Zingetosha gari na upasuaji, na zingebaki. Zilikuwa ndani ya sanduku siku ile, za kwake mwenyewe, mbele ya miguu yake yenye matope.

Akazishika, akazitazama, hakuzihesabu.

"Wifi," akaniambia, "hizi sasa nikafanyie nini?"