Mtaa Usio na Mgonjwa wa Moyo

Mukantwari, Maman Benitha, anauza vitenge soko la Kamembe na haogopi muntu. Ukikishikashika kitambaa chake bila kununua, utaondoka na matusi ya kukutosha mpaka Krismasi. Kitu kimoja tu kilimfunga mdomo: kitinda mimba wake, Isimbi, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Mtoto wa miaka sita, akipanda kilima kidogo tu, anakaa chini kuhema.

Mwaka jana watu wa uchunguzi wa afya walipita nyumba kwa nyumba. Nani amezaliwa na ugonjwa wa moyo? Walieleza vizuri kwamba majibu yatawaonyesha madaktari bingwa waende wapi. Lakini kwetu aliyetumwa kuuliza alikuwa Cyusa, mpwa wa Nzabonimana, na kijana wa Nzabonimana huyo ndiye aliyekuwa anamtaka Benitha, binti mkubwa wa Maman! Na kabla ya posa, ukoo wa binti unachunguzwa mpaka babu; ugonjwa wa kuzaliwa nao ukionekana, posa imekufa. Cyusa aliapa kwamba majibu ni siri. Siri, Kamembe hii? Mutanichekesha!

Maman Benitha akamkimbiza Isimbi kwa jirani, Védastine, akarudi kukaa mlangoni na sura ya mwanakwaya.

"Hapa batoto bote beko bazima, mwanangu. Ata kikohozi hatukijue."

Védastine naye alijibu vilevile. Isimbi, alisema, ni mgeni tu, na mtoto wake mwenyewe, mwenye moyo mbovu vilevile, alishampeleka nyumba ya tatu. Siku hiyo watoto wagonjwa walihamishwa mtaa mzima, na Cyusa akapewa chai kila mahali.

Benitha akaolewa, tukacheza mpaka viatu vikaisha.

Mwaka huu madaktari wa moyo wakaja na mashine yao. Wakatupita, wakaenda mji wa Bugarama! Maman Benitha akavamia kituo cha afya, akimfokea muuguzi kwamba wanatubagua. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba kwetu hakuna mgonjwa hata mmoja, tena watafiti wameshangaa sana, watakuja kuuliza tunakula nini.

Kweli wakaja. Daktari mmoja, mpole, kalamu mkononi, akamwuliza Maman Benitha anawapikia watoto mboga gani. Jamani! Mwanamke akageuka, akamwita Isimbi. Mtoto akatoka uani akishika ukuta, midomo imekuwa ya buluu.

Daktari akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mwaka jana pengine tungeziba tundu, Maman. Sasa naogopa mapafu nayo yameharibika. Tutampima, lakini siahidi."

Maman Benitha akatoka barabarani, kitenge kinaburuta, akalia kwa sauti ambayo soko halijawahi kuisikia.

"Védastine! Toa mutoto wako! Mutoe bote, muganga iko hapa!"

Védastine akachungulia, akafunga dirisha. Binti yake mkubwa anaposwa Jumamosi.