Blanketi la Shemeji

Mkufunzi wetu, mganga msaidizi, hakuwa na subira na wajinga. Kwa wiki tatu alitufundisha kuchanja ndui: pitisha sindano motoni, iache ipoe, kwaruza ngozi, usitoe damu nyingi. Lakini somo alilolipigia meza lilikuwa la nguo.

"Nguo ya aliyekufa kwa ndui ni ndui yenyewe. Ichomwe!"

Niliandika vizuri sana. Kuandika si kazi.

Wiki ya nne ndui ikamuua shemeji yangu, mume wa dada, mtaani Ng'ambo. Mkufunzi akanituma na mwenzangu wa darasani, Mzaramo mwenye mdomo, tukachome nguo za marehemu na kumchanja mtoto wake wa miezi minane. Tukishindwa hadi alasiri, alisema, atapeleka askari. Askari wa Mwingereza hawakuchagua cha kuchoma, wangechoma nyumba.

Dada yangu alitoa kanzu na shuka. Blanketi akalikana.

"Dada, nakuomba. Usiku utamfunika nalo mtoto."

"Nimesema halipo. Na mwanangu humgusi na sindano zako."

Niliogopa, na hasira zikanipanda. Dada huyu ndiye aliyenilea, na nilijua kila anachokithamini hukifukia ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti la kuwekea mpunga. Nikatoka nje, nikamnong'oneza Mzaramo.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Msibani mtani hunyakua atakacho, hakuna wa kununa. Wafiwa hukikomboa kwa kuku. Mzaramo akaingia akipiga kelele.

"Enyi wapagazi! Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu pwani, leo mnaninyima haki yangu kwa marehemu?"

Akazamisha mkono kwenye mpunga, akachomoa blanketi, akakimbia nalo. Wanawake wakacheka huku machozi yakiwatoka. Dada naye alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kicheko kile kilinitia aibu kuliko matusi.

Akatufuata uani, mtoto mgongoni, kuku mkononi. Blanketi lilikuwa limeshamwagiwa mafuta ya taa na linawaka.

"Mtani, kuku wako huyu hapa," alisema, kana kwamba haoni moto.

Mzaramo hakutania tena. "Mama, lini umeona mtani akichoma haki yake mwenyewe? Ugonjwa huu si mchezo."

Dada alisimama mpaka sufu yote ikawa nyeusi.

"Nani alikwambia nilikolificha?"

Mzaramo akageuza macho kwangu. Dada hakunitazama. Akaanza kufungua mbeleko, nami nikanyoosha mikono kumpokea mtoto. Akanitia kuku mikononi, akampelekea Mzaramo mwanawe.

Mtoto hakuugua. Kovu la begani mwake ni kazi ya Mzaramo. Mimi siku ile nilishika kuku.