Ndege ya Marehemu na Nta Yangu

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa ufundi chuma. Kila Jumamosi alirusha vindege vya mbao vyenye injini, vile ambavyo rubani husimama katikati ya uwanja ameshika mpini wenye nyaya mbili, na ndege humzunguka kama mbuzi kwenye kigingi. Aliacha kimoja ambacho hakijawahi kuruka.

Shemeji yangu, mdogo wake, akatangaza mbele ya chama chao kizima cha warusha vindege: "Kaka mwishoni alikuwa kachoka. Injini ile haifikishi mizunguko kumi."

Katika ukoo wetu hatujawahi kuambiwa hivyo. Nikajibu kwamba ndege hiyo nitairusha mwenyewe.

Nilifanya mazoezi wiki tatu kwa ndege kuukuu ya chama. Kizunguzungu kiliniangusha mara mbili, moja mbele ya mkwe wangu.

Siku moja kabla, niliiweka ndege ya marehemu sebuleni, wageni waione. Ikadondosha mafuta juu ya meza. Nikaona kimrija kinachochungulia kwenye tangi, nikakiziba kwa nta ya mshumaa. Msomi mimi, nikajiona mhandisi.

Siku ya siku, injini iliwaka vizuri. Mizunguko minne nilikuwa malkia. Wa tano ikakohoa, ikazima. Hata anayeanza leo anajua: injini ikizima, rudi nyuma, nyaya zibaki zimekaza, ndege ishuke taratibu. Mimi nilikimbia mbele kuipokea, mikono wazi, kama bibi aliyeona mjukuu. Nyaya zikalegea. Ndege ikapiga pua chini, bawa likaruka kivyake.

"Si nilisema?" shemeji akaguna. "Injini ya kaka hiyo."

Mwenyekiti wa chama, fundi pikipiki, alikuwa ameinamia tangi. "Hewa isipoingia humu, mafuta hayatoki. Nani kaziba kimrija hiki? Marehemu?"

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha, marehemu hakanushi. Na mimi ningerudi nyumbani na heshima yangu.

"Nimeziba mimi," nikasema. "Ilikuwa inanichafulia meza."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akachokonoa nta kwa sindano, akaifunga injini kwenye benchi, akaiwasha. Ilinguruma bila kusita mpaka tone la mwisho la mafuta.

Shemeji akavua kofia. "Kaka alikuwa fundi."

"Na mjane wake?" nikauliza.

"Shemeji," akasema, "tuishie hapo kwa kaka."